Fundo la Nane

Juzi mlipokuja nyumbani kwangu, nyinyi wawili mnaofanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili, mlinionyesha ubao wenye picha: kitanda, mswaki, ufagio, kikombe. Mkaniambia hiyo ndiyo njia ya sasa. Mgonjwa wa skizofrenia ambaye kazi zake zimemvurugika kichwani anatazama picha ya kwanza, anafanya, anakwenda ya pili, mpaka siku yake inakaa sawa. Mkaniuliza kama zamani tulikuwa na kitu cha namna hiyo. Nilicheka, nikawamiminia chai, nikaanza kulalamikia magoti yangu. Mliondoka mkidhani mzee amechoka. Sikuchoka. Niliona aibu, na aibu hiyo ina umri mkubwa kuliko baba zenu.

Basi nawaandikia, kwa kuwa mkono wangu ni hodari kuliko mdomo wangu. Na nawaomba msiniite mwanzilishi wa kitu chochote. Mkimaliza kusoma mtajua la kuniita.

Wakati wa Mwingereza neno skizofrenia hatukulijua. Kwenye daftari tuliandika kichaa, tukaweka jina na kijiji, basi. Wodi yetu ilikuwa hapahapa Tabora, nyuma ya hospitali, upande ambao wageni hawapitishwi. Nyumba ndefu ya matofali, bati juu, nondo madirishani, na ua wenye ukuta. Nje ya ukuta huo ilipita njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wenye pembe za ndovu kwenda na kutoka pwani. Mimi niliajiriwa kwa sababu mbili: nilikuwa na mabega, na shule ya misheni ilinipa Kiingereza cha kutafsiri. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua mlango, kulisha, kuosha, kufunga mlango. Aliyepiga kelele alinyweshwa dawa ya maji iliyonuka mpaka kwenye jasho lake. Tuliiita matibabu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mrisho, msimamizi wa wodi. Alikuwa Mzaramo. Babu yake alifika na misafara, akaoa Tabora, akasahau kurudi kwao. Mzee huyu hakujua kuandika zaidi ya jina lake, na alikuwa akiwajua wagonjwa kuliko wote waliokuwa na kalamu mifukoni.

Wiki yangu ya kwanza nilimpa mgonjwa mmoja ndoo, nikamwambia, "Chota maji kisimani, ujaze pipa." Nikaenda zangu kupiga soga na mpishi. Niliporudi adhuhuri ua mzima ulikuwa jaruba la mpunga. Pipa lilijaa tangu asubuhi, naye alikuwa bado anachota, anamwaga, anachota, viganja vimemchubuka. Nikamfokea. Mzee Mrisho akaja akiwa amekunja suruali hadi magotini, akanitazama, akasema, "Mgonjwa hapa ni nani, mwanangu? Umemwambia aanze. Nani kamwambia amalize?"

Hilo ndilo somo langu la kwanza, nami nawapa bure. Mgonjwa huyu si mjinga, wala si mtoto. Akili yake inajua kila kazi, ila haishiki kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na mwisho uko wapi. Mpe jambo moja, mwonyeshe linapoishia, kisha ngoja. Kaa ubavuni pake, usisimame nyuma yake. Usimuulize "umeelewa?" maana atasema ndiyo ili umwache. Na akijibizana na watu usiowaona, usimcheke wala usijifanye unawasikia. Mwambie, "Mimi siwasikii, lakini najua wewe unawasikia, tumalize kufagia kwanza." Mara nyingi alimaliza.

Sasa nije kwa Maganga.

Maganga alikuwa mrina asali wa Ipole, mtu wa mizinga ya magome, miaka kama minne mbele yangu. Waliomleta walisema alianza kusikia nyuki wakimwita kwa jina, hata kiangazi ambapo mizinga ilikuwa mitupu. Akaacha kulala, akaacha kuoga, siku moja akawasha moto wa kufukizia nyuki ndani ya nyumba yake akiwa na mkewe. Hakuna aliyeungua. Lakini kijiji kiliogopa, na mtemi akaandika barua.

Kwetu alikaa miezi bila kusema neno. Hakuwa mkali. Ungemkuta amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mkononi ana sahani, hajui kama anakwenda kula au ametoka kula. Mimi nilimwongelesha Kinyamwezi cha kwetu, kwa upole wote. Hakunijibu hata kwa jicho.

Aliyemfungua mdomo ni Mzee Mrisho, na hakutumia upole. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, utani wa tangu misafara, mtu anakutukana naye anacheka na huruhusiwi kununa. Siku moja alipita mbele ya Maganga, akamwangalia miguu, akasema kwa sauti, "Nyinyi Wanyamwezi! Mlibeba pembe toka huku mpaka kwetu Uzaramo, mkazitua, mkarudi mikono mitupu. Punda ana akili, yeye hudai hata pumba!"

Nikasema moyoni, mzee naye kapotoka. Halafu sauti ya kukwaruza ikatoka kwa Maganga: "Tulirudi na dada zenu."

Mzee Mrisho alicheka akakaa chini. Tangu hapo alimtukana kila siku kama dozi, asubuhi na jioni, na Maganga akajibu. Nimewahi kujiuliza kwa nini tusi lilifika pale upole wangu uliposhindwa. Nadhani ni kwa sababu utani haukuhitaji afikirie. Njia yake ilikwisha kukanyagwa na babu zake. Alipitishwa humo, akatokea kwetu.

Kusema akasema, lakini siku ilizidi kumvurugikia. Aliweza kunawa uso mara tano na asikunje mkeka. Aliweza kukoleza moto bila kuwa na maji ya kuchemsha. Hapo ndipo mkewe alipotusaidia, bila kujua kama anatusaidia.

Nyamizi alikuwa akija kwa miguu kutoka Ipole, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwenye kikapu. Kiunoni alifunga kamba ya nyuzi za miombo yenye mafundo. Nilimuuliza. Akanitazama kama mtu asiye na kwao. "Wewe si Mnyamwezi? Bibi yako hakukuonyesha?" Akanieleza. Mpagazi akiondoka, yeye na mkewe walifunga kamba mbili, mafundo sawasawa, idadi ya siku za safari. Kila alfajiri huyu alifungua fundo moja njiani, na huyu moja nyumbani. Yakiisha, mtu ajitokeze mlangoni. "Mimi sijui siku zake ni ngapi," Nyamizi alisema, "kwa hiyo nafunga badala ya kufungua. Mwezi ukiandama, fundo. Akirudi atafungua mwenyewe."

Nikaenda kwa Mzee Mrisho na wazo. Kamba fupi, mafundo saba, kila fundo kazi moja ya asubuhi. La kwanza amka. La pili nawa. La tatu kunja mkeka. La nne fagia. La tano chota maji, la sita koleza moto, la saba keti ule. Mkono unashika fundo mpaka kazi iishe, ndipo uhame. Akili ikipotea, kidole kinajua kiko wapi.

Tatizo lilikuwa moja. Kamba ilikuwa marufuku wodini, hata mkanda wa suruali. Na sheria hiyo haikutungwa na mpumbavu. Mwaka mmoja kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nimemshusha mtu kutoka kwenye nondo za dirisha, akiwa amekwisha kufa. Aliyekutwa amempa mgonjwa kamba alifukuzwa siku hiyohiyo. Mzee Mrisho alikata kipande cha kamba, shubiri moja na kitu, akakivuta, akasema, "Hii haimnyongi hata kifaranga. Aifunge kwenye kifungo cha suruali, ndani ya shati. Na mimi sijaona."

Maganga aliyafunga mafundo mwenyewe. Nilikaa naye kila asubuhi. Wiki ya kwanza tuliishia fundo la pili. Nilikasirika, nikajuta, nikarudi. Mara nyingine sauti zilimfunika, tukaacha kabisa, kesho tukaanza la kwanza. Sikumbuki ni lini hasa niligundua kwamba sikai naye tena, kwamba nimesimama ng'ambo ya ua nakunywa uji wangu na yeye anafagia, mkono wa kushoto uko ndani ya shati, kisha anaweka ufagio mahali pake na kuchukua ndoo. Nilisahau kunywa uji.

Na jambo jingine likaanza. Kila asubuhi, kazi zikiisha, alivuka ua akaja mbele yangu, akasema, "Mwangaluka, Yohana." Salamu yetu ya asubuhi, tena kwa jina langu. Mtu aliyekuwa hanitambui! Kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumtangulia kumwamkia, lakini alinitangulia kila siku. Nilijisifu kwa hilo. Kwenye taarifa yangu kwa daktari niliandika kwamba mgonjwa amerudiwa na adabu zake na anasalimu watu bila kuhimizwa.

Kipindi hichohicho niliigusa kamba yake, nikahesabu mafundo manane. Nikamuuliza la nane la nini. Akacheka, akairudisha ndani ya shati. "Hilo langu."

Mzee Mrisho akastaafu. Akaniachia funguo na neno moja: "Usiwaogope hao mpaka ukasahau unamfanyia nani kazi." Nikaitikia. Ndiyo zangu zilikuwa nyepesi sana siku zile.

Haukupita muda tukaletewa habari. Wodi imejaa. Daktari wa Kizungu na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, watakuja kuwapima wagonjwa wa muda mrefu. Anayeweza kujitunza atakabidhiwa kwa ndugu zake. Asiyeweza atapandishwa treni, apelekwe hospitali kubwa ya vichaa, mbali upande wa mashariki, na waliopelekwa huko hatukuwahi kuwaona wakirudi. Nikatuma salamu Ipole. Nyamizi akaja na nguo safi za mumewe na kikapu. Akaketi nje ya lango.

Na mimi nilikuwa na langu. Siku hiyohiyo daktari angeamua kama nishike nafasi ya Mzee Mrisho moja kwa moja.

Asubuhi ile Maganga alifanya kazi zake zote saba, akaja, akanisalimu. Nilimvalisha shati jeupe, jipya, la kwangu mwenyewe, nililotunza kwa ajili ya kanisani, nikamnyoosha kola. Nikawaza: daktari huwa anawapapasa wagonjwa tumboni. Akiikuta kamba? Nikaingiza mkono, nikaifungua. Nikaitia mfukoni mwangu.

"Leo huihitaji," nilimwambia. "Imeshaingia kichwani."

Maganga alinitazama. "Yohana, nipe."

"Nitakupa wakiondoka."

Vijana, mtu wa miwani humvui miwani siku anapoitwa kusoma mbele ya watu. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Mimi nilifundisha kamba ile kwa miezi, na bado nilidhani ni kama kidonda, kitu cha kuficha wageni wakija. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalo lingesameheka.

Walikaa nyuma ya meza, wazungu wawili, mimi nimesimama pembeni kutafsiri. Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa utulivu, "Muulize, kesho akiamka nyumbani kwake atafanya nini, toka anaamka mpaka anakula."

Nikauliza.

"Nitaamka," Maganga alisema. Mkono wa kushoto ukaenda kiunoni. Ukapapasa. Ukarudi ukapapasa tena. "Nitaamka."

"Halafu?" daktari akauliza.

"Nitaamka."

Jasho lilimtoka. Alinigeukia, akanitazama mfuko, maana aliona nilipoitia. Nikatazama ukuta. Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa la akili kuliko yote yaliyofanyika chumbani mle. Alishika pindo la shati jeupe, akalichana. Akavuta utepe mrefu wa kitambaa, akaukata kwa meno, akauzungusha kidoleni, akafunga fundo. Akanong'ona kwa Kinyamwezi, nitaamka. Akafunga la pili, nitanawa uso. La tatu, nitakunja mkeka. Alikuwa anajitengenezea kamba. Alikuwa anajibu swali, kwa mpangilio, bila kukosea hata kimoja.

Lakini wao waliona mtu anachana shati na kusema na vidole vyake. Bwana Shauri alirudisha kiti nyuma. Daktari akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa Kiingereza, "Anafanya nini?"

Chumbani mle mimi peke yangu nilijua. Kinyamwezi kile nilikisikia mimi peke yangu. Nilihitaji kusema maneno kumi tu, niitoe kamba mfukoni, niiweke mezani.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Msinitafutie neno la kunisitiri. Wengine husema zama zile zilikuwa ngumu, mtu mweusi alikuwa na sauti gani. Ni kweli, zilikuwa ngumu, na Mzungu yule angeweza kunifukuza kwa ajili ya kamba ya shubiri moja. Lakini siku ile niliulizwa. Kwa mara moja katika maisha yangu ya kazi, mkubwa aliniuliza nijuacho, akangoja. Niliogopa, na nilikitaka cheo.

Daktari akaandika mstari mmoja. Maganga alikuwa amefika fundo la sita walipomtoa.

Nyamizi alisimama aliponiona natoka langoni peke yangu. Nilimwambia yote, nashukuru Mungu kwamba hilo angalau nililiweza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wakakuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema hujui. Wewe."

Akakunja zile nguo safi, akaziweka kwenye kikapu juu ya matobolwa. "Mimi nitaendelea kufunga mafundo yangu," alisema. "Ila wewe usinisalimu tena."

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa daktari, nikamweleza habari ya kamba. Alinisikiliza kwa uso wa kuchoka, akasema karatasi zimekwisha kwenda, na kwamba nilipaswa kusema siku ile. Hakunifukuza. Cheo nikapata. Nilikikalia hadi bendera ikabadilishwa, na baada ya hapo, na kila msimamizi mpya wa juu alisifu wodi yangu kwa usafi. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa kabla sijaoa.

Kwa miaka kadhaa, kila kiangazi, nilimwona Nyamizi akipita njia ile ya misafara kwenda stesheni kuulizia. Kamba ilikuwa imemzunguka kiuno mara mbili, kisha mara tatu. Sikumsalimu. Kisha kikaja kiangazi ambacho hakupita.

Sasa mbaki na mbao zenu za picha. Ni nzuri. Picha haimnyongi mtu. Ila ikija siku wakubwa wanakuja kukagua, na mtu akawaambia muushushe ubao ili wodi ionekane nadhifu, mkumbuke shati langu jeupe.

Jambo moja nililiacha, nilitaka liwe mwisho.

Asubuhi ya treni nilikwenda stesheni. Maganga alikuwa ameketi kwenye behewa kando ya dirisha, pingu mkononi, askari pembeni yake. Nilimwomba askari, akanigeuzia mgongo kwa hisani. Nikaipenyeza kamba dirishani. Maganga akaipokea. Kidole gumba kikatembea juu ya mafundo, midomo ikicheza: amka, nawa, kunja. Alipofika la nane akasimama.

"La nini hilo?" nikamuuliza. "Niambie sasa."

Akajibu bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Hilo ni wewe. Sauti zilikuwa zinanichanganya nyuso. Nikafunga fundo: nikimaliza kazi, nivuke ua, nimtafute Yohana, nimsalimu kwa jina. Huyo ndiye anayejua ninachofanya."

Filimbi ikapigwa. Maganga aliinamia kamba, akalitia meno fundo la nane, akalifungua polepole. Akaunyoosha uzi kwa kidole mpaka ukanyooka. Kisha akaifunga kamba kwenye kifungo cha suruali, ndani ya shati, ikiwa na mafundo saba.